Picha zimeenda wapi? Historia fupi ya albamu za kwenye tovuti

Nimekuwa kimya kwa ajili ya testi mbili na kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe kilikuwa mimi. Jana nikaamua kusafisha tovuti ya darasa letu, nikalala saa tisa usiku.

Kisa ni hiki. Picha zetu za mazoezi ya kufundisha za mwaka jana, kama sitini hivi, ziliwekwa kwa plagini fulani. Niliona inafanya kurasa zifunguke kwa kusuasua, nikaizima, nikaifuta kabisa. Kufungua ukurasa, picha hakuna! Kuna mstari mmoja tu ndani ya mabano ya mraba, una neno na namba. Rumeti wangu anacheka, mimi jasho linanitoka, maana simu iliyopiga zile picha iliibiwa stendi.

Sasa kwa nini mabano? Si mnajua tena, mtu anayesomea kufundisha historia lazima aulize kitu kilianzia wapi.

Zamani albamu ilitengenezwa kwa mkono. Unapunguza picha moja moja, unaandika HTML, kila picha ndogo unaipa kiungo cha kwenda kwenye picha kubwa. Picha hamsini, siku imekwisha. Mwaka 2000 Bharat Mediratta akaanzisha Gallery, programu ya kukaa kwenye seva: unapakia picha, yenyewe inazipunguza na kuzipanga. Ila ilikuwa kama nyumba ya pili, albamu huku na maandishi yako kule.

WordPress ilitoka mwaka 2003, na toleo 1.2 la Mei 2004 ndilo lililoleta plagini. Ndani ya programu waliacha mahali maalum ambapo kazi ya mtu mwingine inaweza kuchomekwa bila kugusa mafaili ya msingi. Mwaka 2005 Lokesh Dhakar akatoa Lightbox, ile ambayo ukibofya, ukurasa unaingia giza na picha inasimama katikati. Mwaka 2007 Alex Rabe akatoa NextGEN Gallery, na watu wakaipokea kwa wingi sana.

Machi 2008 ikaja WordPress 2.5 na albamu yake yenyewe, pamoja na ule utaratibu wa msimbo mfupi kwenye mabano. Hapa ndipo penye jibu langu. Ukurasa wenye mabano hauna picha. Una ombi tu. Msomaji akifungua, programu inasoma ombi, inakwenda kutafuta picha, inazipanga. Aliyetakiwa kujibu akiondoka, ombi linabaki limening'inia pale kama barua ya mtu aliyehama. Tena plagini kama NextGEN zinaweka picha kwenye folda yake na maelezo kwenye majedwali yake, nje ya maktaba ya picha ya WordPress.

Desemba 2018 toleo 5.0 lilileta kihariri cha vipande, na wengi walibishana kuhusu sura yake tu. Mimi naona kikubwa ni kingine: albamu ya kule inaandikwa ndani ya ukurasa wenyewe kama HTML ya kawaida. Tumerudi kwa wale wa kuandika kwa mkono, ila mkono sasa ni wa mashine.

Haya, picha zetu. Niliingia kwenye mafaili ya seva, nikakuta folda iko pale pale, picha zote sitini na kitu. Nusura nipige kelele. Kilichokufa ni maelezo, kwa sababu nilipoifuta plagini ilifuta na majedwali yake. Sasa nina sura bila majina. Yupo mwalimu mwenzetu ameshika ramani ya Afrika kichwa chini mbele ya Kidato cha Pili, na kila ninayemuuliza anakana. Kama ulikuwepo, pita chumbani jioni uniambie ni nani.