Diego Garcia na Nguzo Tatu za Satelaiti

Askari aliye porini na nahodha aliye baharini wana swali moja la tangu kale: yuko wapi? Mwaka 1973 jeshi la Marekani lilianza kuunda mtambo wa kulijibu kwa satelaiti, ujulikanao kwa jina la GPS. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mwaka 1995 mtambo mzima ulitangazwa kuwa umekamilika.

Mtambo huo umesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni satelaiti zenyewe, zisizopungua 24, ziizungukazo dunia kwenye kimo cha kilometa 20,200 hivi, zikitangaza saa na mahali zilipo. Ya pili ni chombo cha kupokelea alichoshika askari, ambacho hupima muda wa safari ya mawimbi ya redio kutoka satelaiti nne au zaidi. Ya tatu ni vituo vya ardhini, ambavyo huzichunguza satelaiti na kuzisahihishia saa. Maana saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300.

Nguzo hii ya tatu haisemwi sana, lakini ndiyo ihitajiyo ardhi, na ardhi ina wenyewe. Makao makuu ya vituo hivyo yako Colorado. Kimojawapo kiko Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi. Uingereza ilivimega visiwa hivyo kutoka Mauritius mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru wa nchi hiyo, na Marekani ikapata kambi. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote waliondolewa, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli.

Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza ina wajibu wa kukomesha utawala wake huko upesi iwezekanavyo. Tarehe 22 Mei 2025 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba wa kuvirudisha visiwa kwa Mauritius, huku Uingereza ikiikodi Diego Garcia kwa miaka 99.

Askari wa Afrika hana sababu ya kukikataa chombo chema. Lakini ajue kwamba ufunguo wake uko mikononi mwa mwingine: hadi Mei 2000 Marekani iliupunguza kwa makusudi usahihi wake kwa watumiaji isiowaruhusu. Kwa hiyo ramani na dira zisitupwe. Wala waliohamishwa Chagos wasisahauliwe.