Dhamana Kabla ya Kukamatwa: Istilahi na Mawakala wa Safari wa Punjab

Tarehe 5 Februari 2025 ndege ya jeshi la Marekani ilitua Amritsar, katika jimbo la Punjab kaskazini mwa India, ikiwa na Wahindi 104 waliofukuzwa Marekani. Wengi walitoka Punjab, Haryana na Gujarat. Walisimulia walivyopitishwa nchi baada ya nchi, baadhi yao wakivuka kwa miguu msitu wa Darién ulio kati ya Colombia na Panama, hadi kufika mpaka wa Mexico. Na walivyorudishwa wakiwa wamefungwa pingu. Walitaja pia fedha walizomlipa wakala. Wengine walisema ni laki 40 za rupia na zaidi, zilizopatikana kwa kuuza shamba au kukopa kwa ndugu. Safari ya namna hii Wapunjabi wanaiita dunki. Sisi tungesema vijana wale walizamia.

Punjab ikaunda kikosi maalumu cha uchunguzi, na majalada yakafunguliwa dhidi ya mawakala. Mawakala nao hawakukaa nyumbani kungoja kugongewa mlango. Mawakili wao walikimbilia mahakama za wilaya, kisha Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliyoko Chandigarh, kuomba dhamana ilhali hakuna hata mmoja kati ya wateja wao aliyekuwa ametiwa mbaroni. Kwa Mswahili wa kawaida ombi hilo halieleweki kirahisi. Dhamana tunayoijua ni ya kumtoa mtu ndani. Huyu ambaye hajaingia ndani, anatolewa wapi?

Kiingereza cha sheria kinaiita dhamana hiyo kwa neno lenye maana ya kulitazamia jambo kabla halijafika. Mfasiri mwenye haraka ataandika "dhamana tarajiwa", na hapo kosa limeshatendeka, kwa sababu msomaji ataelewa kwamba dhamana ndiyo inayotarajiwa, yaani bado haijatolewa, huenda itatolewa kesho. Kinachotarajiwa ni kukamatwa. Dhamana yenyewe imeshatolewa na ina nguvu. "Dhamana ya mapema" ni nafuu kidogo, ingawa haisemi ni mapema kuliko nini; hata dhamana ya polisi iliyotolewa saa mbili baada ya mtu kufikishwa kituoni ni ya mapema. "Dhamana ya tahadhari" inanukia kama onyo. Lugha ya magazeti ina mtego mwingine, neno "kinga". Tukiandika kwamba wakala amepewa kinga, tumemwambia aliyetapeliwa kwamba mtu wake haguswi tena, na hilo si kweli hata kidogo.

Ninalolipendekeza ni "dhamana kabla ya kukamatwa". Ni refu, lakini linasema sawasawa jambo lenyewe ni nini na linatokea lini. Tena hatulitungi peke yetu. Ng'ambo ya pili ya mpaka uliochorwa mwaka 1947, katika Punjab ya Pakistani, mahakama zinatumia Kiurdu: zamanat qabl az giraftari. Zamanat ni dhamana yetu hii hii, kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu, na qabl ndiyo kabla. Giraftari ni neno la Kiajemi la kukamatwa. Watu wa Lahore na sisi tunaweza kulitamka jambo hili karibu kwa maneno yale yale. Kihindi kimeshika njia yake, agrim zamanat, dhamana inayotolewa kwa kutanguliza, na hata humo shina ni lile lile.

Istilahi ya Kiingereza yenyewe haimo katika kifungu kilichoizaa. Kifungu cha 438 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya India ya mwaka 1973 kilizungumzia amri ya kumpa dhamana mtu anayehofia kukamatwa. Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria hiyo imepisha sheria mpya iitwayo Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, na kifungu hicho sasa ni cha 482. Wazo lilitoka kwa Tume ya Sheria ya India, katika ripoti yake ya 41 ya mwaka 1969. Tume iliona kwamba watu wenye nguvu huwabambikia wapinzani wao kesi ili walale mahabusu siku chache na waaibike, hata kama kesi yenyewe itakufa baadaye. Anayeijua "kamatakamata" ya siku za Ijumaa nchini Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Katiba ya Kenya inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, anangoja siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anakaa ndani hadi Jumatatu.

Maelezo makuu ya kifungu hicho yalitolewa mwaka 1980 na majaji watano wa Mahakama ya Juu ya India, wakiongozwa na Jaji Mkuu Y. V. Chandrachud, katika shauri la Gurbaksh Singh Sibbia dhidi ya Jimbo la Punjab. Sibbia alikuwa waziri katika jimbo hilo na alikabiliwa na tuhuma za rushwa. Mahakama Kuu ilikuwa imekibana kifungu kwa masharti ambayo sheria haikuyaweka. Mahakama ya Juu ikayaondoa. Ikaeleza kwamba dhamana ya kawaida humtoa mtu mikononi mwa polisi, na hii huanza kufanya kazi pale pale anapokamatwa. Mwombaji halazimiki kungoja jalada lifunguliwe, ila hofu yake lazima iwe na msingi unaopimika, na amri haiwezi kufunika kosa lolote lile atakaloshtakiwa nalo. Mwaka 2020, katika shauri la Sushila Aggarwal, majaji wengine watano wakasema amri hiyo si lazima iwekewe ukomo wa siku. Kwa kawaida inaweza kudumu hadi kesi iishe.

Kwa hiyo kilichomo ndani ya istilahi hii ni amri kwa polisi: mkimkamata mtu huyu kwa kosa hili, mwachieni kwa dhamana. Hawakatazwi kumchunguza wala kumshtaki. Mahakama humwekea masharti: aitikie kila anapoitwa na mpelelezi, asimtishe wala kumhonga shahidi, asitoke India bila ruhusa. Mara nyingi hutakiwa pia kukabidhi pasipoti.

Upo mtego mwingine, na huu ndio unaoniumiza zaidi ninaposoma habari za India zilizotafsiriwa. Dhamana kabla ya kukamatwa huombwa kwa makosa ambayo sheria ya India inayaweka katika kundi la makosa yasiyodhaminika. Mtanzania akisikia kosa lisilo na dhamana anafikiri mauaji au uhaini, mashtaka ambayo mtu akishasomewa anakwenda mahabusu hadi kesi iishe. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama kosa halina dhamana, huyu amepewaje dhamana, tena kabla ya kukamatwa? Atahitimisha kwamba jaji amehongwa. India haina maana hiyo. Huko, kosa la kundi hilo ni lile ambalo mtuhumiwa hawezi kudai dhamana kama haki yake palepale kituoni. Inabaki katika hiari ya mahakama. Utapeli umo humo. Afadhali tuandike "kosa ambalo dhamana yake ni kwa hiari ya mahakama", hata kama mhariri atalalamikia nafasi.

Sasa turudi kwa wakala. Sheria ya India inayomhusu ni ya mwaka 1983, na jina lake la haki kwa Kiswahili ni Sheria ya Uhamaji, si ya Uhamiaji: inamhusu anayehama nchi yake, wakati uhamiaji ni kazi ya ofisi inayompokea anayehamia. Kifungu cha 10 kinakataza mtu kuajiri watu kwa kazi za nje bila kusajiliwa, na kifungu cha 24 kinatoa adhabu ya kifungo hadi miaka miwili. Punjab ina sheria yake kuhusu mawakala wa safari, iliyotungwa kwanza mwaka 2012 kama sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu. Lakini mzigo mkubwa wa mashtaka hutoka kwenye kanuni ya adhabu. Kwa zaidi ya karne utapeli ulikaa katika kifungu cha 420, hata Wahindi wakawa wanamwita tapeli "chaar sau bees", mia nne ishirini. Kanuni mpya ya adhabu imeuhamishia kifungu cha 318, lakini jina la mtaani halijahama.

Adhabu ya juu ya kosa hilo ni miaka saba, na hapo wakili wa wakala hupata pa kushika. Mwaka 2014, katika shauri la Arnesh Kumar, Mahakama ya Juu iliagiza polisi wasimkamate mtu kwa mazoea tu ikiwa adhabu ya kosa haizidi miaka saba. Kwanza wamwite kwa hati. Wakili atasema mteja wake yuko tayari kuitikia wito. Atasema jambo lenyewe ni deni, liende mahakama ya madai. Atauliza mbona mlalamikaji alikaa miaka miwili bila kwenda polisi, na risiti iko wapi. Risiti haipo, kwa sababu fedha zilitolewa taslimu au zilipita kwa hawala. Na mlalamikaji alikaa kimya kwa sababu mwanawe alikuwa bado njiani, mikononi mwa watu wa wakala huyo huyo. Asiyeitazama hali hiyo kwa macho ya mzazi ataona uzembe pasipo na uzembe.

Upande wa mashtaka hujibu kwamba wakala wa kijijini ni mkono mmoja tu. Nyuma yake kuna aliyepokea fedha Delhi au Dubai, aliyetengeneza viza, aliyewangoja vijana Amerika ya Kati. Kuyapata majina hayo, na pasipoti zilizofichwa, kunahitaji kumhoji mtu akiwa mikononi mwa polisi, wala si kwa wito wa saa moja akiwa na wakili pembeni. Ikithibitika kwamba vijana walidanganywa kisha wakatumikishwa au kunyonywa, huongezwa kosa la biashara ya binadamu, ambalo adhabu yake huanzia miaka saba, na hoja ya Arnesh Kumar hupoteza nguvu. Majaji wa Chandigarh wamekataa maombi mengi ya mawakala wa dunki kwa sababu hizi, na mimi nawaunga mkono. Dhamana hii ilitungwa kumlinda anayebambikiwa kesi. Haikutungwa kumpa mtandao muda wa kufuta simu zake.

Suala la fedha ni gumu kuliko hayo. Mwombaji akisema mbele ya jaji kwamba yuko tayari kurejesha chochote, familia iliyouza shamba huinua masikio. Baadhi ya mahakama zikawa zinatoa dhamana kwa sharti la kuweka kiasi fulani. Mwaka 2023, katika shauri la Ramesh Kumar, Mahakama ya Juu ilikemea mwenendo huo: ombi la dhamana si jukwaa la kukusanya madeni. Kisheria ni sawa, kwani mwenye fedha asinunue uhuru ambao asiye nazo atanyimwa. Lakini naielewa familia ile. Kwao, siku ya ombi ndiyo siku ambayo mtu aliyekuwa hapokei simu ameanza kupiga yeye. Baada ya hapo kuna miaka ya kesi. Uamuzi wa 2023 ungekuwa wa haki kamili kama mahakama za madai zingewarudishia watu mali yao kwa mwendo wa kuridhisha.

Istilahi hii si ya mbali nasi. Kenya inayo, ingawa haikuandikwa katika sheria kama ya India. Mahakama Kuu iliijenga kutokana na Katiba, na katika uamuzi wa mwaka 2004 ilisema itaitoa pale haki za raia zinapovunjwa vibaya na chombo cha dola. Baadaye majaji wamesisitiza kwamba tishio liwe la kweli na la karibu. Mlango wake ni mwembamba kuliko wa India. Nchini Tanzania, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamzungumzia aliyekwisha kamatwa au kufikishwa mahakamani. Na mawakala tunao pande zote: tangu 2022 tumesikia ya vijana wa Kenya na Uganda walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mitandaoni. Kesi za namna hii zinapofika Mahakama ya Milimani jijini Nairobi na wakala akatangulia na ombi lake, mwandishi wa habari atahitaji neno lililo sahihi.

Aandike hivi: wakala apata dhamana kabla ya kukamatwa, upelelezi waendelea. Na kama nafasi ipo, aongeze kwamba dhamana hiyo inaweza kufutwa. Nchini India, wakala akimtisha shahidi, akikwepa wito wa mpelelezi au akijaribu kutoroka, aliyetapeliwa ana haki ya kurudi mahakamani yeye mwenyewe, bila kungoja polisi, kuomba ibatilishwe. Haki hiyo hutumika. Wazazi wengi huambiwa habari yake baada ya wakala kuwa ameshaondoka.