Urekebishaji wa deni la Shelisheli

Urekebishaji wa deni la Shelisheli (2008–2010) ni mfululizo wa makubaliano yaliyoipa nchi hiyo ya visiwa vya Bahari ya Hindi nafuu ya madeni ya nje. Uchumi wake hutegemea utalii na jodari, ilhali mchele na mafuta huagizwa ng'ambo. Fedha za kigeni zilipoadimika, uhaba ulifika hadi madukani. Oktoba 2008 serikali ilishindwa kulipa riba ya hatifungani ya dola za Marekani milioni 230. Mwezi uliofuata iliiachia rupia ipate thamani yake sokoni, ikisaidiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2009 Klabu ya Paris, kundi la nchi wadai, ilikubali kufuta kwa awamu mbili asilimia 45 ya deni ililoidai Shelisheli. Wenye hatifungani nao walipokea mpya zenye nusu ya thamani ya awali, sehemu ya riba ikidhaminiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Baadaye, deni la dola milioni 21.6 lilibadilishwa kuwa fedha za kuhifadhi bahari, na kufikia 2020 asilimia 30 ya bahari ya nchi ilikuwa chini ya hifadhi. Mfano wa Shelisheli unaashiria kwamba nchi ndogo inaweza kupata nafuu ya kweli pale wadai wanapokubali kubeba sehemu ya hasara.