Matunzo ya mzee: Nani mwenye uamuzi?

Umemtumia nyanya pesa, umemtafutia msichana wa kumsaidia, sasa unapanga kumhamishia mjini. Vizuri. Lakini je, ulimuuliza anataka nini?

Kenya, hilo si suala la adabu tu. Ni suala la Katiba.

Katiba inasema nini?

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe wazee:
- wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii
- wanajiendeleza kibinafsi
- wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa
- wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na serikali

Mzee, kikatiba, ni mtu aliyepita miaka 60.

Kwa hivyo kutunzwa ni haki yake, na kuheshimiwa pia ni haki yake. Huwezi kumpa moja ukamnyima nyingine.

Pesa za Inua Jamii ni za nani?

Ni za mzee mwenyewe. Tangu 2018, mpango huu unawafikia wazee wa miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi. Anunue dawa, unga au amlipe mtu wa kumchotea maji, ni yeye anayeamua.

Kama hawezi kwenda kuzichukua, mlezi wake humsaidia. Kumsaidia kuzipokea hakumfanyi mlezi kuwa mwenye pesa. Mwambie mzee kiasi kamili kilichoingia, kisha umuulize zitumike vipi.

Ukweli ni kwamba Sh2,000 haitoshi kumwajiri mtu. Mzigo mkubwa bado uko kwa familia, na hapo ndipo mzee hupoteza sauti yake: anayelipa ndiye anayeamua.

Uanzie wapi?

Muulize mambo haya kabla hujapanga lolote:
- Angependa kuishi wapi, na nani?
- Nani amsaidie kuoga? Mwanamke au mwanamume?
- Ale nini, saa ngapi?
- Akienda hospitali, nani aingie naye kwa daktari?
- Simu na kitambulisho chake vikae na nani?

Na kama kumbukumbu imeanza kupotea?

Usiache kumuuliza. Mpe chaguo dogo dogo: leso hii au ile? Chai sasa au baadaye? Anayesahau jina lako bado anajua asichokitaka.

Ukiona mzee ananyang'anywa pesa au anapigwa, ripoti kwa chifu au kituo cha polisi. Usingoje mazishi ndipo useme ulijua.