Silsila ya Mafundi wa Sukari za Chembe

Kila chembe hai ya mwili wa mwanadamu imevikwa joho la sukari, na ni tofauti ya sukari moja tu katika joho hilo itengayo damu ya kundi A na ya kundi B. Walakini sukari hizo, kinyume cha protini, hazikuandikwa moja kwa moja katika jeni, hata mwenye azma ya kuzigeuza hana budi kupitia mlango wa kemia.

Shekhe wa kwanza wa fani hii ni Emil Fischer, Mjerumani, aliyepambanua umbo la glukosi mwaka 1891. Ilipita karne nzima ndipo Werner Reutter na wenziwe wa Berlin wakadhihirisha, mwaka 1992, hila nyepesi ajabu: panya akipewa sukari iitwayo manosamini, iliyobadilishwa kidogo, chembe zake huipokea kama riziki ya desturi, huifanya sukari nyingine iitwayo asidi ya siali, na kuitundika nje juu ya protini zao.

Carolyn Bertozzi, huko Berkeley katika California, alianza mwaka 1997 kwa kutia ketoni, yaani kaboni iliyoungwa maradufu na oksijeni kati ya kaboni mbili, katika manosamini hiyo, iwe alama ya kuitambulia kwenye chembe. Lakini ketoni zimo pia ndani ya chembe, nayo alama isiyo ya pekee haitambulishi kitu. Hapo akafanya jambo nilihesabulo kuwa pambo la tarehe hii yote: alirudi katika maandishi ya waliotangulia. Hermann Staudinger alikuwa ameeleza, mwaka 1919, jinsi azidi, yaani atomu tatu za nitrojeni zilizofuatana, inavyoshikana na fosfini, aina ya kampaundi ya fosforasi. Na kwa kuwa azidi haimo katika miili ya wanyama, mwaka 2000 Bertozzi na mwanafunzi wake waliurekebisha mmenyuko huo, ukaunga alama kwenye chembe hai pasi na kuidhuru.

Fosfini, hata hivyo, ilikuwa nzito ya mwendo. Sharpless wa Marekani na Meldal wa Denmark, waliokuja kushiriki na Bertozzi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, walikuwa wamegundua kwamba shaba huharakisha azidi kuungana na alkini, yaani kaboni mbili zilizofungwa kwa vifungo vitatu; ila shaba ni sumu kwa chembe. Msaada ukatoka tena kwa wa kale: Wittig na Krebs, mwaka 1961, walieleza alkini iliyokunjwa katika pete ya kaboni nane, ambayo ilipokutana na azidi iliripuka, maana alkini tabia yake ni kunyooka, na ikipindwa kwa nguvu huwa kama upinde uliovutwa. Mwaka 2004, mikononi mwa Bertozzi, pete hiyo ikaungana na azidi za sukari za chembe bila shaba. Na mwaka 2008 viinitete vya samaki pundamilia, vilivyoogeshwa katika sukari yenye azidi, vilitazamwa kwa hadubini vikikua, sukari zao za awali zikiwaka rangi moja, na zilizozaliwa baadaye rangi nyingine.