Neno "Ufunguo" na Kazi za Mafundi

Neno la Kiingereza "key" huwataabisha waalimu wafundishao kazi za mikono kwa Kiswahili. Kamusi hulijibu upesi: ufunguo. Mlangoni jibu hilo latosha, lakini katika karakana lapotosha. Mwanafunzi akiambiwa apige ufunguo kati ya shafti na gurudumu, atatafuta chombo cha kufungulia, kumbe ametakiwa kufunga. Twapenda kulichungua jambo hili tukiitazama nchi ya Singida, kwa kuwa huko ujenzi wa tembe, kazi ya reli na karakana za siku hizi zimekutana mahali pamoja.

Tuanze na shina la neno. Kutoka kufunga twapata kufungua, kama vile kutoka kuziba twapata kuzibua, na kutoka kukunja, kukunjua. Ufunguo basi ni mtoto wa kufungua. Jina lake lenyewe latangaza kazi yake. Neno la Kiingereza halina shina la namna hiyo, kwa hiyo limeweza kuitwa kila mahali ambapo kitu kidogo chatawala kitu kikubwa, kikifungua au kikifunga.

Kitu chenyewe kina historia yake. Mlango uliofungwa kwa pingo kutoka ndani hauhitaji ufunguo. Wahitaji mtu aliyemo ndani. Ufunguo ni wa mwenye mali aondokaye akaiacha nyumba yake. Neno kufuli lilitoka katika Kiarabu likaingia pwani, na biashara ya misafara ikaendelea mpaka bara. Njia kuu ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa imo katika Manyoni ya leo. Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo yapita Manyoni na Itigi. Tawi la kutoka Manyoni kwenda Singida lilijengwa katika miaka ya 1930, likang'olewa katika miaka ya 1940, na baada ya uhuru likajengwa tena.

Reli yatuonyesha maana ya pili. Katika njia za namna ya zamani ya Uingereza, chuma cha reli hukaa katika kikalio kilichofungwa juu ya taruma, na kati yake hupigwa kipande cha mti kikaze. Kipande hicho Waingereza hukiita kwa neno lile lile la ufunguo. Jua likikausha mti, hulegea na hata kuanguka. Kwa sababu hiyo walinzi wa njia hutembea na nyundo wakivirudisha. Mswahili akikiona atakiita kabari, wala hatakosea.

Ndivyo ilivyo katika mashine ya kusaga. Shafti huchimbwa mfereji mdogo, na gurudumu nalo huchimbwa mfereji kama huo. Kipande cha chuma huwekwa nusu huku na nusu huku, vizunguke pamoja. Kikikatika, shafti huzunguka peke yake na gurudumu husimama. Mara nyingi mafundi hukifanya kwa chuma laini kuliko shafti, ili mzigo ukizidi, kivunjike kitu cha bei ndogo kabla ya kile cha bei kubwa. Hiki nacho ni kabari, ingawa hakikuchongoka.

Maana ya tatu ni ya waashi, nayo ndiyo tuipendayo zaidi, kwa sababu wenyeji waliijua kabla ya kuletewa neno lake. Lipu haikai juu ya ukuta laini, hubanduka. Kwa hiyo fundi huukwaruza ukuta, au huupiga patasi mpaka uwe na mashimo, ili lipu ipate pa kuingia. Waingereza husema ukuta umetiwa ufunguo. Sasa tazama tembe za Wanyaturu na za majirani wao: miti husimamishwa, fito hufungwa, kisha hukandikwa udongo. Udongo ukisukumwa kwa nguvu hupenya kati ya fito, hujikunja nyuma yake, na ukikauka hauwezi kutoka. Ni elimu ile ile. Wala fundi hakosi neno lake, maana husema, "Udongo umeshika," au, "Lipu haikushika." Hapa basi neno ni kushika, na kulileta neno ufunguo ni kuficha jambo lililokuwa wazi.

Katika simu ya upepo, ile ya kupiga kwa alama, tatizo lageuka kuwa la kuchekesha. Mpiga simu akibonyeza "ufunguo", njia ya umeme hufungwa, nao umeme hupita. Akiuachia, njia hufunguka, nao umeme hukatika. Ufunguo huo basi hufunga kila unapoguswa! Yafaa kukiita kitufe, kama tuitavyo vile vya mashine ya kuandikia.

Lakini tusiwe wagumu kupita kiasi. Waswahili wenyewe husema kutia saa ufunguo, na hapo ufunguo hukaza kamani, haufungui kitu. Desturi yaweza kulishinda shina, na lililokwisha kuzoewa na watu halikatazwi na mwalimu. Hata katika Mathayo 16:19 aliyepewa funguo alipewa kufunga na kufungua pia. Msomaji hutatizwa pale tu neno liletwapo geni, kwa watu walio tayari na neno jema la kwao.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu waalimu hivi. Kabla ya kufasiri neno la ufundi, usiulize kamusi yasemaje. Uliza kitu chenyewe chafanya nini. Kikifungua, ni ufunguo. Kikikaza, ni kabari. Kikibonyezwa, ni kitufe. Na kama ni ukuta kukubali udongo, sema umeshika. Kisha umwendee fundi wa kijiji, umwonyeshe kwa kidole, umsikilize. Mwanafunzi aliyepewa neno la kweli hukielewa chombo kabla hajakishika. Aliyepewa neno la uongo aweza kuvunja mashine huku akitii aliyoambiwa.