Kipaza sauti kipi?

Neno "kipaza sauti" limebebeshwa mizigo mingi. Kwa mtangazaji ni maikrofoni. Msikitini ni ile spika ya mnarani. Kwenye bendi wapo wanaoita hivyo hata amplifaya. Katika mazungumzo ya kawaida haidhuru. Kwa mpiga gitaa la besi anayenunua vyombo inadhuru sana, maana amplifaya hukuza mawimbi ya umeme, spika huyageuza kuwa sauti, na viwili hivyo sharti vioane.

Kuoana kunaanzia kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Tazama nyuma ya amplifaya ya transista: ikiandikwa kiwango cha chini ni omu 4, kasha moja la spika la omu 8 halina neno. Makasha mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4, na hapo ndipo mwisho. Ukiongeza la tatu unashuka hadi karibu omu 2.7: mkondo unazidi, amplifaya inachemka, inajizima au inaungua kabisa. Amplifaya ya vali, kama Ampeg SVT ya mwaka 1969 yenye wati 300, ina masharti makali zaidi: swichi ya omu ilingane na kasha, na isipigwe kamwe bila spika.

Wati, zinazosifiwa mno madukani, zifuate baadaye. Kasha lihimili angalau wati za amplifaya.

Basi ndugu mpiga besi, dukani sema "amplifaya" na "spika", tena uulize omu kabla ya bei.